Tauni ya Ituri: kwa nini milimani, na kwa nini baada ya mavuno

Kati ya 2004 na 2014, zaidi ya nusu ya wagonjwa wote wa tauni waliotangazwa duniani walikuwa Wakongomani: washukiwa 4,630, vifo 349. Wote walitoka jimbo moja, Orientale ya zamani, ambayo Ituri ilikuwa sehemu yake. Ukifuatilia milipuko ile unarudi kwenye zoni chache za afya (maeneo ya huduma za afya) juu ya milima ya Ituri, upande wa Ziwa Albert, mahali kama Rethy, Linga na Aungba. Ugonjwa unajulikana huko tangu miaka ya 1920 na haujahama.

Hapa Goma panya wetu hawana tauni. Ila wasafiri kutoka Bunia, Beni na Butembo wanafika kwetu hata njia zikiwa mbaya, na tauni hujificha mwilini siku 1 hadi 7 kabla ya homa kuanza. Ndiyo maana nawaomba wauguzi wenzangu, mgonjwa mwenye homa kali na uvimbe kwenye kinena aulizwe kwanza alilala wapi wiki iliyopita.

Kwa nini milimani? Sehemu ya jibu iko ndani ya kiroboto. Akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria Yersinia pestis huzaana na kuziba njia ya chakula kabla ya tumbo. Kiroboto huyo hashibi tena. Anauma, damu inagonga kizibo na kurudi kwenye kidonda pamoja na bakteria, kisha anatafuta mwingine wa kuuma. Kizibo hushika vizuri kwenye hewa ya baridi, na joto likipita nyuzi 27 au 28 huelekea kuachia. Ng'ambo ya mpaka, West Nile ya Uganda, utafiti ulionyesha hatari inapanda juu ya mita 1,300. Lushoto, Tanzania, ambako tauni ilisumbua kuanzia 1980, nako ni milimani. Joto pekee halielezi yote, maana viroboto wengine huambukiza siku chache baada ya kunyonya, hata bila kizibo. Nyumba nayo ina sehemu yake: paa la nyasi, sakafu ya udongo, watoto kulala chini kwenye mkeka, na magunia ya mahindi karibu na vichwa vyao.

Magunia hayo ndiyo yanayotuleta kwenye majira. Watu huuliza kama tauni ni ya mvua au ya kiangazi. Mimi nauliza mavuno yako wapi. Mvua inastawisha mashamba na panya wanazaana humo. Mazao yakishavunwa, shamba linabaki tupu, chakula kinaingia nyumbani, na panya wanakifuata. Mmoja akifa kwa tauni, mwili wake unapoa na viroboto wanauacha. Wakikosa panya mwingine, wanamuuma mtu. West Nile wagonjwa wengi huonekana kati ya Septemba na Machi, na nyanda za juu za Madagaska kati ya Septemba na Aprili. Ituri iko karibu na ikweta, huvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, na wagonjwa huandikwa kila mwaka, mwaka mzima. Kwa hiyo usichukue kalenda ya Madagaska ukaibandika Rethy.

Panya wakianza kufa ovyo kijijini, mpangilio wa kazi ndio unaookoa watu. Kosa baya kuliko yote ni kuweka sumu ya panya kwanza: unaua panya kwa pamoja na kuachia viroboto wenye njaa ndani ya nyumba. Anza na dawa ya wadudu, kwenye njia za panya, mashimo, pembe za kuta na chini ya vitanda. Kuna pia sanduku la Kartman, lenye chambo katikati na unga wa dawa mlangoni. Panya anajipaka unga akipita, anaupeleka hadi shimoni, viroboto wanafia huko. Panya wapunguzwe baadaye. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Unyunyizie dawa, uuchome au uuzike kwa kina. Ghala lijengwe mbali na chumba cha kulala, kwenye nguzo za mita 1 au zaidi, kila nguzo ikiwa na koni ya bati.

Kwenye kituo cha afya, mtoki wa tauni unauma sana. Mtoto anakataa kunyoosha mguu. Usiupasue. Vuta majimaji ya kupima kwa sindano, na yasipotoka ingiza kidogo maji ya chumvi safi, kisha vuta tena. Kipimo cha haraka cha antijeni F1, yaani protini ya bakteria wa tauni, kinajibu ndani ya dakika 15, lakini dawa isisubiri jibu. Amoksisilini na penisilini, ambazo mtu hukimbilia akiona tezi imevimba, hazitibu tauni, na siku mbili zikipotea hivyo maisha yanaweza kupotea. Tumia jentamisini au streptomisini, au siprofloksasini au doksisiklini, kwa kawaida siku 10.

Tauni ikifika mapafuni haihitaji tena kiroboto wala mlima. Ndivyo ilivyokuwa Zobia, huko Bas-Uele, mwanzoni mwa 2005: machimbo ya almasi ndani ya msitu wa joto, watu wamebanana, na zaidi ya 50 wakafa. Anayekohoa damu baada ya kutoka Ituri atengwe mara moja na avae barakoa. Waliokaa karibu naye, umbali usiofika mita 2, wapewe doksisiklini, mtu mzima miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7, na daktari mkuu wa zoni apigiwe simu siku hiyohiyo.