Kupiga kambi Serengeti: yanayosemwa na yalivyo

"Lala Karatu, asubuhi unaingia Serengeti."
Karatu inamfaa anayekwenda kreta ya Ngorongoro. Kwa Serengeti, hesabu inagoma. Geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro ukitokea Karatu, linafunguliwa saa 12 asubuhi. Unapanda hadi ukingo wa kreta, unateremka uwandani kwenye rafu, unasimama Naabi, geti la Serengeti, kukaguliwa vibali, na hapo bado kilomita 45 hivi kufika Seronera, katikati ya hifadhi, tena mwendo usizidi 50 kwa saa. Ukifika ni saa 4 au 5, simba wameshajilaza kivulini. Aliyelala Seronera amemaliza mzunguko wake wa kwanza, yuko kambini anakunywa chai.

"Ndutu ni Serengeti hiyohiyo."
Kwa nyumbu, ndiyo. Kwa risiti, hapana. Sehemu kubwa ya Ndutu iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, wakati Serengeti iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ukilala Ndutu ukavuka kwenda Seronera, unalipa kotekote. Gharama hiyo ina maana kati ya Januari na Machi, nyumbu wanapozaa kule kusini. Miezi mingine tafuta pengine.

"Seronera iko katikati, inatosha kwa yote."
Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763. Anayetaka kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, alale kaskazini, upande wa Kogatende. Kwenda na kurudi kutoka Seronera kunameza mchana mzima, na nyumbu wanaweza kusimama ukingoni saa nyingi kisha wakaghairi. Usiku magari hayaruhusiwi kutembea, kwa hiyo huwezi kuwasubiri.

Kwa simba na chui, lakini, Seronera ni chaguo zuri mwaka mzima. Chui hupenda matawi ya miegea na migunga ya kandokando ya mto. Masika ikikolea, usihamie Kirawira: udongo mweusi wa magharibi ukilowa hunata kwenye tairi mpaka kashata zake zinajaa, na hata gari la 4x4 linateleza kama sabuni.

"Kambi maalumu ndiyo ya kifahari."
Hapa wengi huumia. Kambi maalumu ni kipande cha ardhi kitupu, hakina choo, bomba wala jiko. Unacholipia ni kuwa peke yenu, na lazima uweke nafasi mapema. Maji mnakuja nayo. Tenga lita 5 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, za kuoga mbali. Nishati mnakuja nayo pia, maana kuokota kuni hifadhini ni marufuku, na taka mnaondoka nazo.

Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi, Nyani na Tumbili, zina vyoo, bafu na banda la kupikia lenye wavu. Wavu ule si urembo: chakula kikibaki mezani, nyani hawaombi ruhusa. Fika kabla ya saa 10 jioni, kwa sababu anayewahi ndiye anayechagua pa kusimika hema.

"Kambi ina uzio."
Haina. Fisi hupita katikati ya mahema, na kiatu au sufuria iliyoachwa nje huondoka naye. Simika hema karibu na wenzako na karibu na choo, mbali na njia iliyokanyagwa na wanyama. Usilale chini ya mwegea. Tunda lake moja lina kilo kadhaa. Ukibanwa usiku, fungua zipu kidogo, mulika tochi pande zote, taratibu. Macho yakikujibu, funga, subiri.

"Rangi ya hema haina neno."
Uwandani, sawa. Kwenye vichaka vya Lobo, kaskazini, na vya Kirawira kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Kaki ndiyo rangi ya huko, kwa hema na kwa suruali.