Una kidonda cha kisukari mguuni? Usijinyime chakula

Kitu tunachokiona sana kwa wagonjwa wa kisukari ni hiki: mtu akishapata kidonda mguuni anapunguza kula. Anaogopa sukari itapanda, basi anaacha wanga wote, anaacha nyama, usiku halali na kitu tumboni, mwisho anabaki na mboga za majani tu. Hofu yake tunaielewa kabisa, lakini hapo ndo kidonda kinakosa cha kujijengea.

Kidonda kinachovuja kinatoka na protini kila siku, alafu kikiwa na maambukizi mwili unakula akiba yake haraka, yani mgonjwa anahitaji chakula zaidi wakati uleule ambao hamu ya kula imeisha. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mwenye kidonda sugu wataalamu wa lishe mara nyingi wanampandisha mpaka 1.25 au 1.5, kwahiyo mwenye kilo 60 inakuja kama gramu 75 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6 tu. Sasa ukila yai asubuhi ukaona protini ya leo umemaliza, bado sana, inatakiwa iwepo kwenye kila mlo, iwe samaki, kuku, maharage, maziwa au mayai. Ila kama figo zako zina shida usijipandishie mwenyewe, muulize daktari kwanza kwasababu kiwango chako kinaweza kuwa tofauti.

Hii haimaanishi sukari uiachie ipande. Ikikaa juu, seli nyeupe za damu zinashindwa kupambana na vijidudu vizuri. Wanga unapimwa kiasi, haufutwi, na kama unatumia insulini kuruka mlo kunaweza kukushusha sukari ghafla, hiyo nayo ni hatari.

Halafu msidanganywe na mwili. Mtu anaweza kuwa mnene kabisa na bado ana utapiamlo, misuli inaisha ndani huku mafuta yapo palepale. Ukiona uzito umeshuka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, yani mwenye kilo 80 kapoteza zaidi ya 4, omba kuonana na mtu wa lishe. Usisubiri majibu ya albumini (protini inayopimwa kwenye damu) peke yake, hiyo inashuka hata kwa maambukizi tu.

Kuhusu vidonge na unga wa virutubisho, hapa watu wanamaliza hela zao na inatuuma. Ni kweli vitamini C na zinki zinahitajika kidonda kipone, na ukipimwa ukaonekana umepungukiwa, utapewa. Lakini miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari, ya IWGDF (kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari), haishauri kumpa mgonjwa virutubisho hivi kwa lengo la kuponyesha kidonda tu, ushahidi wake ni dhaifu. Na zinki nyingi kwa muda mrefu inapunguza madini ya shaba mwilini. Anayetumia metformin, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi aombe kupimwa vitamini B12, dawa hiyo inaweza kuishusha, na ikipungua inaongeza ganzi kwenye miguu ambayo tayari haisikii kitu.

Chakula pia hakichukui nafasi ya matibabu mengine. Ukila vizuri huku unaendelea kukanyagia kidonda, au damu haifiki mguuni kwasababu mishipa imeziba, hakitafunga. Kinahitaji kupunguziwa mzigo, kusafishwa, na mishipa kuangaliwa.

Kwahiyo siku ya kwenda kubadilisha bendeji omba upimwe uzito, na waambie ukweli umekula nini wiki hii hata kama ni kidogo. Mguu ukivimba, ukawa wa moto, kidonda kikaanza kunuka au ngozi ikawa nyeusi, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.