Ukidaiwa mkopo usioujua, usianze kwa kujitetea

Mama mmoja alikuwa amekaa mbele ya meza yangu, na kabla hajamaliza kueleza shida yake simu ikaita. "Ndio haohao," akasema, akaweka spika. Kijana wa upande wa pili hakusalimia. Alitaja jina la mama, akataja kiasi, akasema mwisho ni saa kumi jioni, baada ya hapo picha yake itatumwa kwa watu wote anaowafahamu. Mama akaanza: "Mwanangu, mimi sijawahi kukopa kwenye simu, hata mume wangu anajua, labda yule binti niliyekuwa nakaa naye..." Nikamsogezea karatasi niliyoandika harakaharaka: Kampuni gani? Leseni namba ngapi? Mkopo wa tarehe gani, uliingia kwenye namba ipi? Niandikie. Akasoma kama ilivyo. Kimya. Kisha kijana akasema, "Mama, utajuta," akakata.

Sisi tunaopokea malalamiko ya mikopo tunasikia simu za namna hii mara nyingi mno. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, wanaokopesha kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni wala idhini yake. Wananchi wengi waliielewa orodha ile visivyo. Kuna waliokuja kwetu wakidhani imefuta madeni yao. Orodha si msamaha. Kama ulikopa na fedha ukazipokea, suala la uhalali wa mkataba wako na mkopeshaji asiye na leseni huamuliwa na mahakama. Halimalizwi na tangazo wala na afisa kama mimi. Makala haya ni ya yule ambaye hakukopa.

Kosa kubwa ninaloliona ni lile la yule mama: kujitetea. Mtu anapigiwa na sauti asiyoijua, naye anaanza kutaja mume, kazi, mtaa, na binti aliyekuwa akikaa naye. Kila neno linaandikwa upande wa pili. Anayepiga mara nyingi ana jina na namba tu. Mengine yote unampa wewe mwenyewe, bure. Tena hudaiwi maelezo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaweka mzigo wa kuthibitisha kwa anayedai kuwa jambo lipo. Yeye ndiye aonyeshe mkataba, tarehe, kiasi kilichotolewa na namba iliyopokea fedha. Wewe huna cha kuthibitisha mpaka yeye athibitishe kwanza.

Simu hizi zinafanana sikioni lakini chimbuko lake ni tofauti. Ya kwanza ni ya tapeli wa kawaida, ambaye hakuna mkopo wowote nyuma yake. Huyu utamtambua kwa namba ya malipo, kwa kuwa atataka utume kwenye laini ya mtu binafsi. Hapa hakuna mengi ya kusema: usitume, na namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Ya pili ni ya mkopo wa kweli uliochukuliwa na mtu mwingine kwa kutumia kitambulisho chako, au na mtu aliyekuwa akimiliki namba yako kabla yako. Ndiyo, namba hurudi sokoni. Laini isipotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu humuuzia mteja mwingine, na madeni ya mwenyewe wa zamani yanaendelea kuitafuta namba ileile.

Ya tatu ndiyo inayoleta kelele nyingi: aliyekopa ni rafiki, shemeji au mfanyakazi mwenzako, na wewe umo kwenye orodha ya majina ya simu yake. Watu hutuuliza kwa hasira, "Namba yangu wameitoa wapi?" Wameitoa kwenye simu ya rafiki yako, siku alipopakua programu na kubonyeza "ruhusu" bila kusoma. Kuwemo kwenye simu ya mtu hakukufanyi mdhamini wake. Mdhamini ni yule aliyekubali kudhamini. Hata mtoto wa marehemu hadaiwi kutoka mfukoni mwake. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi.

Na tafadhali, usilipe "kidogo tu ili waniache". Bwana mmoja alilipa sehemu ya deni la jirani yake kwa sababu simu zilikuwa zinamkosesha usingizi. Wiki hiyohiyo zikaongezeka. Hili halihitaji maelezo marefu: alikuwa ameonyesha kuwa analipa.

Sasa utaratibu, na hapa naomba utulie. Kwanza, usifute ujumbe hata mmoja. Piga picha skrini yenye namba, tarehe na saa. Kama ni simu, andika muda na maneno yaliyosemwa. Watu wanazuia namba na kufuta kila kitu kwa hasira, kisha wanafika kwetu na hadithi tupu. Pili, jibu mara moja kwa maandishi: deni hili silitambui, nipeni jina la kampuni, namba ya leseni, nakala ya mkataba na namba iliyopokea fedha. Usiandike "nitaangalia nikipata" wala "mnipe muda". Hayo ni maneno ya mdaiwa. Tatu, nenda kwa kampuni yako ya simu uombe taarifa ya miamala ya tarehe wanayoitaja. Mkopo wa simu lazima uingie mahali. Nne, piga *106# ufuate maelekezo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usiyoitambua ikafungwe. Tano, kama kampuni ina leseni, peleka lalamiko kwake kwanza kwa maandishi, na isipokujibu ndipo uende Benki Kuu. Kama taarifa zako zimetumika bila ridhaa, lalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vitisho na matusi ni vya polisi; hakikisha unaondoka kituoni na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyotoa polisi, kwa sababu ofisi nyingine zote zitakuuliza.

Adhabu zipo, na si ndogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka kwa mtu binafsi anayetoa taarifa za mwingine kinyume cha sheria faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini ni kati ya milioni 1 na bilioni 5. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatoa, kwa unyanyasaji wa mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Anayekuundia kundi la WhatsApp lenye picha yako na neno "MWIZI" ajue anacheza na sheria mbili kwa pamoja.

Vitisho vyao navyo vina mtindo. "Polisi wanakuja" ndicho kinachofanya kazi zaidi, ingawa deni la mkopo ni shauri la madai, si la jinai. Sisemi kwamba mdaiwa hawezi kamwe kufungwa. Mahakama inaweza kufika huko wakati wa kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, lakini baada ya kesi, hukumu na maombi rasmi. Mwingine hujiita dalali wa mahakama. Muulize mahakama ipi na shauri namba ngapi. Dalali wa kweli hutekeleza amri, na amri ina namba.

Kuna na madeni ya zamani. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Lakini ukikiri kwa maandishi na kutia saini, au ukilipa sehemu, kabla miaka hiyo haijaisha, hesabu huanza upya. Hii ni sababu nyingine ya kutorusha hata shilingi elfu kabla hujaona karatasi.

Yule mama alirudi baada ya siku nne na taarifa yake ya miamala. Hakuna mkopo ulioingia kwenye namba zake mbili. *106# ilimwonyesha laini ya tatu, asiyoijua. Ameifunga, ana RB, na lalamiko lake liko Tume. Kijana naye alipiga tena kwa namba nyingine. Mama anasema alimsomea karatasi ileile, safari hii bila miwani.