Daktari akikuuliza kazi, usimjibu "nimestaafu" ukaishia hapo

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kazini na kuna swali huwa nalirudia mpaka wagonjwa wananiona msumbufu. Mzee anakuja anakojoa damu, hana maumivu yoyote, sigara hajawahi kugusa. Mzee ulikuwa unafanya kazi gani? Nimestaafu dokta. Na kabla ya kustaafu? Mlinzi. Na kabla ya ulinzi? Hapo anafikiria, anakuna kichwa, aah zamani sana nilikuwa kiwanda cha rangi za nguo, miaka kama sita hivi, lakini hiyo ni ya ujanani.

Sasa hiyo ya ujanani ndo ninayoitafuta.

Rangi na kansa ya kibofu si habari mpya. Mwaka 1895 Ludwig Rehn, daktari wa upasuaji wa Frankfurt kule Ujerumani, alitoa taarifa kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha rangi waliokuwa na uvimbe kwenye kibofu. Watu hujiuliza kwanini kibofu wakati kemikali wameishika kwa mikono au wameivuta kwa pua. Ni hivi, vitu kama benzidini, kemikali ya kutengenezea rangi, vinapenya kwenye ngozi na mapafu, vinaingia kwenye damu, ini linavichakata, figo zinavichuja, halafu vinaenda kukaa kwenye mkojo, na mkojo unakaa kibofuni masaa kadhaa ukilowesha ukuta wake, kila siku ya kazi, miaka nenda rudi. Alafu kansa yenyewe inaweza kutokea miaka 20 au hata zaidi baadae, kiwanda kishafungwa, na mtu hakumbuki hata jina la ile dawa.

Na hiyo damu kwenye mkojo ina ujanja wake, inaweza kutoka siku moja ikapotea wiki kadhaa, mtu anasema nimepona. Sio lazima iwe kansa, ila kapime.

Kemikali nyingine ni benzini (siyo ile benzidini ya juu, wala siyo petroli, ingawa petroli nayo inayo kidogo), hii hupiga uboho, kule damu inakotengenezwa, ndo maana tunaihusisha na kansa ya damu. Huko Istanbul mafundi viatu waliokuwa wakitumia gundi zenye benzini kwenye vyumba visivyopitisha hewa walipata leukemia, yaani hiyo kansa ya damu, na Dkt. Muzaffer Aksoy aliandika juu yao miaka ya 1970. Harufu yake wala haichukizi, ina utamu fulani, na pua ikikaa nayo muda inazoea, kwahiyo mtu akiniambia "siku hizi siisikii tena" mimi hapo ndo naogopa.

Kitu kinachoniuma kuliko vyote ni kunawa mikono kwa thina. Grisi inatoka kweli, ila mafuta ya ngozi nayo yanatoka, ngozi inabaki kavu imepasuka na kemikali inapita kirahisi zaidi. Sabuni jamani. Na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, mvuke unataka ile yenye kichujio cha mkaa maalum, nacho kinaisha nguvu, kinabadilishwa. Hata hivyo barakoa ni ya mwisho kabisa, kwanza bosi atafute kemikali isiyo na madhara hayo, akishindwa aufunike mtambo mvuke usitoke na aweke feni za kuvuta hewa chafu.

Sio kila aliyeshika kemikali ataugua, inategemea ni kemikali gani, kiasi gani na muda gani, na ndo sababu nauliza sana. Kule Louisville, Marekani, mwaka 1974 vinili kloraidi, kemikali ya kutengenezea plastiki, ilikamatwa kwasababu wanaume wachache wa kiwanda kimoja cha plastiki walikuwa na kansa ya ini adimu mno, na kuna mtu aliunganisha ugonjwa na kazi yao.

Kwahiyo ukija kwangu njoo na karatasi: kazi zote tangu ya kwanza hata kibarua cha miezi mitatu, ulishika nini, chumba kilikuwa na madirisha au la, ovaroli ulifulia wapi. Na kama kopo bado lipo, piga picha lebo yake.