Bełchatów: mitambo kumi kutripu kwa mpigo

Bełchatów ipo Poland ya kati na ndio kituo cha umeme kikubwa kuliko vyote Ulaya vinavyochoma lignaiti, yale makaa ya mawe ya kahawia ambayo bado machanga. Uwezo wake ni MW 5,000 na ushee. Bwawa la Nyerere mashine zote tisa zikizunguka unapata MW 2,115, kwahiyo piga hesabu mwenyewe.

Cha kwanza kuelewa hapa ni maji. Lignaiti ya pale karibu nusu ya uzito wake ni maji, joto lake ni kama theluthi tu ya makaa ya mawe mazuri. Makaa ya Ngaka kule Ruvuma yanapanda lori mpaka bandari ya Mtwara, yanapanda meli, na bado mtu anapata faida, ila lignaiti ukiipakia kwenye lori umekodi gari la kubeba maji. Ndo maana kituo kinajengwa palepale mgodini, makaa yanaingia kwa mkanda mchana na usiku, na yuniti moja ya umeme, hii hii tunayonunua kwa LUKU, inakula kilo moja na kitu ya makaa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni vinu vya boila, vile vinavyosaga makaa kabla hayajachomwa kuchemsha maji yawe mvuke. Kinu cha lignaiti ni feni hapohapo, kinavuta gesi ya moto kutoka ndani ya tanuru lenyewe, joto lake kama nyuzi 1,000, ile gesi inakutana na makaa mabichi njiani, yanakauka huku yanasagwa, halafu unga na mvuke vyote vinapulizwa tanuruni. Ule mvuke haujaenda popote, unapita kwenye boila nzima na kutokea kwenye bomba la moshi ukiwa umebeba joto ambalo lingechemsha maji yako. Ndo chanzo kikubwa cha hasara, na ndo kinachofanya boila za lignaiti ziwe majitu marefu ya kutisha. Boila moja ya zamani pale inatoa tani 1,150 za mvuke kwa saa.

Mitambo yenyewe 12 ya kwanza iliwashwa kati ya 1981 na 1988, kila mmoja MW 360, baadaye ikaboreshwa ikapanda kidogo. 2011 ukaja mmoja mkubwa wa MW 858, ukapewa namba 14 (namba 13 haipo). Namba 1 ulizimwa 2019.

Sasa tarehe 17 Mei 2021 jioni. Mitambo 11 ilikuwa inazalisha. Kwenye kituo cha kupozea umeme cha Rogowiec, pembeni ya Bełchatów, mtu alikosea kwenye kuwasha na kuzima swichi, pakatokea shoti, na mitambo 10 ikatripu, yaani ikajikata yenyewe kwenye gridi, kwa mpigo. Zaidi ya MW 3,300 zilipotea ndani ya sekunde. Boila zilikuwa nzima, jenereta nzima, makaa yapo kwenye mkanda, ila hazina pa kupeleka umeme. Ulibaki namba 14 peke yake, sababu wenyewe umeunganishwa kituo kingine, Trębaczew.

Mimi kila nikiona mchoro wa kituo kipya naanza na swichiyadi, pale umeme unapotokea kwenda gridi, kabla sijaangalia mashine, na nawasisitizia sana vijana wafanye hivyo, maana wengi wanahesabu mitambo wanaona ipo kumi wanatulia, kumbe kumi yote inatokea mlango mmoja na kwa gridi hiyo ni sawa na mtambo mmoja wa MW 3,300.

Poland iliokolewa na nyaya za majirani. Frikwensi ya gridi nzima ya bara la Ulaya ilishuka mpaka Hz 49.84 (kawaida ni 50), akiba za nchi nyingi zikaitika zenyewe, umeme ukaanza kuingia kutoka Ujerumani, Sweden, Czech na Slovakia, majumbani taa hazikuzimika, na kufikia kesho yake mitambo mingi ilikuwa imesharudi kwenye gridi.