Nafasi ya Pili: Maana Yake Katika Imani ya Kikristo

Maneno "nafasi ya pili" huyakuti hivyo hivyo katika Biblia. Yanayoyakaribia yako Yona 3:1: "Neno la BWANA likamjia Yona mara ya pili." Yona alikuwa ametumwa Ninawi, naye akapanda merikebu ya kwenda Tarshishi. Ikaja tufani, kisha siku tatu tumboni mwa samaki, na alipotapikwa pwani agizo likawa lile lile: ondoka, nenda Ninawi. Hakupunguziwa kazi, wala hakusomewa mashtaka yake upya.

Ndiyo maana neno linaloibeba dhana hii ni toba. Tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi, sawa na kitenzi cha Kiebrania ambacho manabii walikitumia kuwaita watu wao. Kigiriki cha Agano Jipya kinasema metanoia, yaani kugeuza nia. Kujuta peke yake hakujafika huko. Yuda naye alijuta, hata akarudisha vile vipande 30 vya fedha, lakini kwa Yesu hakurudi.

Petro alirudi, na jinsi alivyopokewa inafaa isomwe polepole. Usiku alipomkana Bwana wake mara tatu, alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (Yohana 18:18). Baada ya ufufuo, kando ya ziwa, wanafunzi wanashuka chomboni na kukuta moto wa makaa, samaki juu yake. Neno hilo la Kigiriki la moto wa makaa limo mahali hapo pawili tu katika Agano Jipya lote, nami siamini Yohana aliliandika kwa bahati. Wakisha kula, Yesu anamwita kwa jina lake la zamani, Simoni, na kumuuliza mara tatu kama anampenda. Mara ya tatu Petro anahuzunika. Kidonda kimeguswa. Lakini kila jibu linafuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha.

Kusamehewa hakufuti deni kwa jirani, kwa hiyo Zakayo, mtoza ushuru aliyetubu, aliahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya.

Kanisa lenyewe halikulimeza jambo hili kirahisi. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma, na Wakristo wengi wakatii kwa hofu. Dhiki ilipopoa, wakabisha hodi. Novatian, kasisi wa Roma, akakataa wasirudishwe kwenye ushirika. Wengi wakamkatalia, na Kanisa likagawanyika. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka wafuasi wa Novatian waliojiunga tena na Kanisa wakubali kushiriki na hao walioanguka.

Wala tusidhani mitume hawakuona ugumu huo. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari. Barnaba alipotaka wamchukue tena, Paulo alikataa katakata, hata wawili hao wakaachana (Matendo 15). Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro. Halafu, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni na anaagiza aletewe joho lake, vitabu vyake, na mtu mmoja: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi."