Kwa nini tovuti ya gesti ndogo Raskazone ihakiwe na mtu asiyeijua hata Tanga?

Hili swali wanauliza sana watu wenye gesti, wanaotembeza wageni Mapango ya Amboni, hata wenye shule binafsi. Tovuti yangu ina picha za vyumba na namba ya WhatsApp tu, hela hamna humo, sasa mtu wa mbali huko anihaki apate nini? Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuchagua wewe, hajui hata kama gesti yako ipo, na ukishalishika hilo ndo unaelewa kwa nini mambo fulani ni ya lazima na mengine ni mapambo tu.

Tovuti nyingi za namna hii zimejengwa kwa WordPress, programu ya bure iliyotoka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Sasa mtu akijua tundu moja la WordPress, au la plagini yake maarufu (yaani kiprogramu cha kuongezea tovuti kazi fulani), amejua tundu la maelfu ya tovuti kwa mpigo. Anaandika skripti, yaani programu ndogo inayojiendesha, inapita intaneti nzima usiku na mchana, ni kama mwizi anayepita Ngamiani barabara moja baada ya nyingine anasukuma kila mlango, hajali nani analala ndani, anataka ule ambao haujakomewa.

Ukitaka kuwaona, ingia cPanel, ukurasa wa usimamizi unaopewa na hosti wako (kampuni inayokutunzia tovuti), ufungue rekodi za waliotembelea tovuti. Utakuta mistari kibao inayogonga wp-login.php, yaani ukurasa wa kuingilia WordPress, kila mmoja unajaribu paswedi tofauti, mwingine unaandika ?author=1 mwisho wa anwani ili tovuti imtajie jina la mtumiaji wa kwanza, halafu kuna inayoomba faili la readme.txt la plagini fulani ili isome toleo lake. Na mara nyingi plagini yenyewe wewe huna! Hapo ndo unajua kabisa kwamba wanabahatisha kwa kila mtu.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui, na kwangu mimi ndo kikubwa kuliko vyote. Apdeti ya usalama ikitoka inaziba tundu, sawa, lakini pia inaonyesha tundu lilikuwa wapi, maana kodi (maandishi ya programu) ya WordPress na za plagini nyingi ziko wazi, mtu yeyote anachukua toleo la zamani na jipya anayalinganisha, mstari uliobadilika ndo palipokuwa pabovu. Kuanzia hapo ni mbio kati yako na yeye. Toleo la 4.7.2 la WordPress lilitoka Januari 26, 2017, na wenyewe walinyamaza kama wiki hivi kuhusu tundu moja kubwa waliloliziba humo ili watu wawahi kuapdeti, wakaja kulitangaza Februari 1. Kilichofuata, ndani ya siku chache kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeandikwa upya na wahaki, zote za tovuti ambazo hazijaapdetiwa. Drupal nao, programu nyingine ya kujengea tovuti, Oktoba 15, 2014 walitangaza tundu baya mno, baadaye wakasema wazi kwamba kama hukuziba ndani ya saa 7 jihesabu umeshaingiliwa. Saa 7! Mtu amelala na kuamka.

Kwa hiyo washa apdeti za otomatiki. WordPress yenyewe inajiapdeti matoleo madogo ya usalama tangu 2013, ila plagini na themu (zile za kupanga muonekano wa tovuti) mpaka uwashe mwenyewe, na hiyo nafasi ipo tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Plagini usiyoitumia ifute kabisa, kuizima haitoshi, maana mafaili yake bado yapo kwenye seva na yanaweza kuguswa. Na zile themu za kulipia zilizokrakiwa zinazogawiwa bure kwenye magrupu, tafadhali sana achana nazo, nyingi zinakuja na mlango wa nyuma tayari, njia ya siri ya mhaki kuingilia. Paswedi iwe ndefu na isitumike kwingine, weka na ile hatua ya pili ya namba za kwenye simu. Bekapu ikae nje ya seva hiyo hiyo. Na domeni, yaani jina la anwani ya tovuti yako, iandikishwe kwa jina lako, sio la kijana aliyekutengenezea, maana akihamia Dar na simu hapokei utamtafuta mpaka uchoke.

Wakiingia wanafanya nini? Wanatumia seva yako kutuma imeili za kitapeli, wanaweka kurasa feki za benki, au wanawapeleka wageni wako kwenye tovuti za kamari. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila hawa wakiingia wanahamia. Tena wanajificha: mwenye tovuti akifungua anaona kila kitu shwari, ila mgeni aliyetokea Google kwa simu anarushwa kwingine. Kwa hiyo jipime kama mgeni, toka kwenye akaunti yako, chukua simu, tafuta gesti yako Google ubonyeze. Andika pia site: ikifuatiwa na domeni yako, ukiona kurasa za Kijapani za kuuza viatu ujue mambo yameharibika.

Ikishatokea, kufuta faili moja hakusaidii. Angalia folda ya uploads, hiyo ni ya picha, ukikuta humo faili linaloishia na .php lishuku mara moja. Angalia orodha ya watumiaji kama kuna admini usiyemjua. Rudisha bekapu ya kabla ya kuvamiwa, apdeti kila kitu, badili paswedi zote pamoja na za hosti na databesi, halafu badili zile funguo za siri ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, hapo kila aliyekuwa ameingia anatupwa nje saa hiyo hiyo, na mhaki akiwemo.